Kisu cha kupalilia chini ya mizabibu kwa trekta dogo: springi tupu au haidroliki?

nguzo_na_waya

Wakuu, naomba mnikosoe kabla sijaanza kukata vyuma.

Trekta ni la farasi 24, upana wa nje wa matairi sm 125. Mistari imeachana mita 2.2, mche hadi mche mita 1.2. Mizabibu ina miaka minne, mashina yana unene wa mm 30 hadi 40, na mpira wa matone umening'inizwa kwenye waya sm 40 kutoka ardhini. Udongo ni tifutifu wenye mfinyanzi. Ukilowa unanata, ukikauka ni tofali.

Katikati ya mistari nafyeka, hapo sina neno. Ninachotafuta ni kuachana na jembe la mkono kwenye ule ukanda wa chini ya waya. Nimefikiria kisu kinachopita sm 4 hadi 5 chini ya udongo, kikiwa kwenye mkono unaozunguka kwenye pini iliyosimama wima. Mbele yake kuna kipapasio cha nondo: kikigusa shina, mkono unakunjika kurudi nyuma, shina likipita, springi mbili zinaurudisha. Boriti kuu ni boksi la 80 kwa 80, na kisu kitatokana na jani la springi ya lori la mm 10.

Maswali yangu: farasi 24 zitavuta? Springi zinatosha bila haidroliki? Jani la springi nilichomelee au nilifunge kwa bolti? Na vipimo vya kuning'inizia nyuma ya trekta viweje ili kifaa kikae hata kwenye trekta lingine?

bushi_na_pini

Farasi zinatosha na kubaki. Piga hesabu: kisu kinachofagia upana wa sm 40 kwa kina cha sm 5 kinakata eneo la sentimita za mraba 200. Udongo kama wako, kwa kazi ya juu juu, unadai kama nyutoni 5 kwa kila sentimita ya mraba. Hapo una nyutoni 1,000, sawa na uzito wa kilo 100. Kwa mwendo wa km 3 kwa saa hiyo ni farasi moja na kidogo tu.

Kitakachokusumbua ni mahali mvuto huo ulipo. Nusu ya mstari wako ni sm 110. Ukitaka ncha ya kisu ivuke mstari wa mashina kwa sm 5, ncha inakuwa sm 115 kutoka katikati ya trekta, na kitovu cha kisu ni kama sm 95. Kilo 100 zinazovuta kwa nyuma huko pembeni zinaigeuza pua ya trekta ielekee mstari uleule unaoupalilia. Dereva anakaza usukani upande wa pili siku nzima na tairi za mbele zinaburuzwa. Dawa yake ni kukaza minyororo ya pembeni ya mikono ya chini ya trekta isibaki na mchezo wowote, kisha upande wa pili wa boriti ufunge jino moja jembamba linalochimba sm 10 hadi 12 kwenye njia ya tairi. Linasawazisha mvuto, na papo hapo linapasua udongo uliokandamizwa na matairi. Uzito wa mbele nao usiusahau.

Vipimo vya kuning'inizia ni vya kategoria ya 1, saizi ya kawaida ya matrekta madogo: pini za chini mm 22, pini ya juu mm 19, kati ya mabega ya pini za chini mm 683, na kimo kutoka mstari wa pini za chini hadi pini ya juu mm 460. Lakini lipime trekta lako kwanza. Matrekta membamba mengine yametengenezwa kwa upana wa mm 400 badala ya 683, na hapo kifaa chako kitagoma kuingia. Masikio yatokane na bamba la mm 12, mawili mawili kila upande, pini ishikwe ncha zote mbili. Pini iliyochomelewa ubavuni mwa bamba moja ndiyo ya kwanza kupinda.

Boriti usiikate urefu mmoja wa kudumu. Ingiza boksi la 70 ndani ya la 80 lenye ukuta wa mm 4 (ndani linabaki 72), uweze kuvuta na kusukuma kulingana na mstari. Angalia ndani ya boksi: lina mshono wa kiwandani uliojitokeza, na usipousaga boksi dogo halipiti. Wengi hugundua hilo baada ya kuchomelea kila kitu.

Pini ya wima iwe mm 35, na bushi iwe ndefu, mm 120 au zaidi. Mchezo wa nusu milimita kwenye bushi ya mm 120 unakuwa kama mm 2 kwenye ncha ya kisu. Kwenye bushi fupi ya mm 50 unazidi mm 5, na kisu kinaanza kuinama na kuinuka chenyewe. Weka nipo ya grisi katikati na ringi za mpira juu na chini, kwa sababu pini hiyo inaishi ndani ya vumbi.

Sasa springi. Hapa ndipo mitego ilipo.

Udongo wenyewe unausukuma mkono kurudi nyuma. Pini ikiwa sm 60 kutoka katikati ya trekta, kitovu cha kisu kiko sm 35 nje yake. Nyutoni 1,000 mara mita 0.35 ni nyutoni-mita 350. Springi lazima zishinde hiyo, la sivyo kisu kinajikunja kikigusa udongo tu. Tuseme umezikaza hadi 450. Shina likigusa kipapasio sm 50 kutoka kwenye pini, linabeba tofauti tu: 100 gawanya kwa 0.5, nyutoni 200, yaani kilo 20. Shina la mm 35 linavumilia.

Halafu unafika mahali pololo, tuseme mpira wa matone unavuja. Mvuto unashuka hadi nyutoni 400, springi ziko palepale. Sasa tofauti ni 310, na shina linabeba zaidi ya kilo 60. Hapo gome linavuliwa, au mche unavunjika kwenye kiungo cha pandikizi. Ukizilegeza springi kwa ajili ya sehemu pololo, kwenye sehemu ngumu kisu kinajikunja chenyewe na kuacha magugu. Hakuna mkazo mmoja unaofaa kote shambani. Watu hulaumu springi kuwa dhaifu wakaongeza ya tatu, kumbe wanaongeza kilo juu ya shina.

Kama utang'ang'ania springi tupu, chagua sehemu ya kuzishikiza kwa namna ambayo mkono ukikunjika, mstari wa springi unasogea karibu na pini. Springi inakaza lakini wenzo unafupika, kwa hiyo shina halizidiwi kadiri mkono unavyokwenda nyuma. Ukizishikiza kinyume chake, kilo 20 za mwanzo zinafika 40 kabla kisu hakijapita shina.

mafuta_moto

Hesabu ya @bushi_na_pini ndiyo sababu ya haidroliki. Kipapasio kiache kusukuma mkono, kibonyeze vali tu. Kilo mbili au tatu kwenye shina, basi, udongo uwe mgumu au pololo.

Namna rahisi kuliko zote: mafuta yanakitoa kisu kwenye mstari, springi zinakirudisha. Kipapasio kikiwa huru, mafuta yanapita kwenye vali na kurudi kwenye tangi bila kubanwa. Kipapasio kikisukumwa, mafuta yanaingia upande wa fimbo ya silinda, silinda inajivuta, mkono unakunjika.

Kosa la kwanza ni vali. Unahitaji vali ya katikati wazi ambayo ikiwa katikati, matundu yote mawili ya silinda yanafunguka kwenda tangini. Wauzaji huiita vali ya mota. Ile ya kawaida ya silinda hufunga matundu hayo ikiwa katikati, kwa hiyo kisu kikishatoka kinabaki huko huko, springi zikihangaika na mafuta yaliyofungiwa. Ukiishika dukani huwezi kuzitofautisha kwa macho, uliza au soma mchoro wa alama. Vali ya mota ina faida nyingine: kisu kikigonga kitako cha zege cha nguzo ambacho kipapasio hakikukiona, mkono bado unakunjika, kwa sababu mafuta hayajafungiwa.

Kosa la pili ni silinda kubwa. Watu hununua ya mm 50 wakidhani nguvu ndiyo tatizo. Tatizo ni kasi. Tuchukulie pampu inatoa lita 18 kwa dakika, yaani sentimita za ujazo 300 kwa sekunde, na mwendo wa silinda ni mm 150. Silinda ya 50 yenye fimbo ya 25 inataka kama sentimita za ujazo 220 upande wa fimbo: sekunde 0.73. Kwa km 3 kwa saa trekta limeshasogea sm 61! Silinda ya 32 yenye fimbo ya 20 inataka 74 tu: robo sekunde, sm 20. Na nguvu? Kwa mkazo wa mafuta wa baa 100 hiyo ndogo inavuta nyutoni 4,900. Kwenye wenzo wa sm 18 ni karibu nyutoni-mita 880, mara mbili ya springi zako. Inatosha.

Kwa hiyo kipapasio kitangulie kisu kwa sm 30, ukihesabu na mwendo wa vali yenyewe. Kumbuka lita 18 ni za injini ikizunguka kasi yake kamili. Ukiendesha kwa mizunguko 1,500 badala ya 2,600 unabaki na lita 10 na ushee, na zile sm 20 zinakuwa 35. Hapo ndipo mtu anasema jana kilifanya kazi vizuri, leo kinakata miche.

Hosi za kwenda na kurudi ziwe za kipenyo cha ndani mm 10. Ukibana matumizi kwa hosi za mm 6, springi zinashindwa kuyasukuma mafuta nje haraka, kisu kinachelewa kurudi na unaacha kichaka cha magugu nyuma ya kila shina. Hosi ya kurudi iende moja kwa moja tangini, isipite kwenye kiungo chembamba cha kuchomeka. Vali iwekwe mkazo wa juu wa baa 100.

Kipapasio: nondo laini ya mm 10 iliyovalishwa kipande cha hosi ya mpira, ikae kimo cha sm 20 hadi 25 kutoka ardhini. Chini ya hapo magugu makubwa yanakibonyeza ovyo. Juu zaidi utaukaribia mpira wako wa matone.

grinda7

Najibu la chuma.

Jani la springi usilichomelee kama chuma cha kawaida. Lina kaboni nyingi, asilimia 0.5 hadi 0.6, na ukilichomelea baridi, ukanda wa pembeni mwa mshono unapoa haraka na kuwa mgumu kama kioo. Mshono wenyewe unaonekana mzuri sana. Ufa unaanza mm 2 au 3 pembeni yake, wakati mwingine usiku huohuo bila kuguswa, na jiwe la kwanza linamalizia. Anayelazimika kulichomelea alipashe moto hadi nyuzi 250 au 300, atumie fimbo za kuchomelea za E7018 zilizokaushwa, kisha alizike kwenye majivu makavu lipoe polepole.

Lakini kwa nini ujitese? Kisu ni kitu cha kuchakaa. Kifunge kwa bolti mbili za M12 za kichwa kinachozama, zile za majembe ya trekta, daraja la 8.8 au zaidi, ubadilishe shambani kwa spana moja.

Kutoboa ndiko kunakoumiza. Bito ya kawaida inalia, inang'aa, inaisha makali. Pasha moto ule upande wa bolti peke yake hadi uwe mwekundu wa cheri, uzike kwenye majivu makavu usiku kucha, asubuhi utatobolewa kama chuma laini. Upande wa makali uache na ugumu wake. Ukitaka kutoboa bila kupasha, tafuta bito ya kobalti, mizunguko 200 hadi 300 kwa dakika, mafuta mengi, na usiinyanyue bito ikaanza kusugua; ikisugua sekunde chache tu tundu linakuwa gumu kuliko mwanzo.

Pembe. Kisu kisikae mraba na mwendo, kitakusanya mizizi na kuburuta rundo. Ncha ibaki nyuma ya mzizi wa kisu kwa sm 28 kwenye ufagiaji wa sm 40, yaani nyuzi 35 hivi. Maana yake jani lenyewe lina urefu wa sm 49, ongeza sm 10 za kukalia bolti. Mtu anakata sm 40 kwa sababu anataka kufagia sm 40, halafu anashangaa magugu ya karibu na mashina yamebaki.

Makali nolea upande wa juu, nyuzi 25 hadi 30, chini pabaki bapa. Ukinoa upande wa chini, ule mteremko unakaa kama mguu wa kuteleza na kukinyanyua kisu kitoke ardhini, hasa udongo ukiwa mkavu. Kisha kisu chote kiinamishe nyuzi 5 hadi 8 kwa mbele. Marekebisho madogo fanya kwa kufupisha mkono wa juu wa trekta. Grinda ikitoa rangi ya bluu kwenye makali umeshaua ugumu pale, kwa hiyo noa kidogo kidogo, maji karibu.

Mguu unaoshuka kutoka kwenye mkono hadi kwenye kisu: bapa la 80 kwa 20, chuma cha kawaida, upana ukielekea mbele na nyuma, ukingo wa mbele umechongwa. Huo chomelea kwa amani.

palizi_ya_alfajiri

Mmesahau gurudumu la kina. Bila hilo, kila tairi la trekta likiingia kwenye shimo, kisu kinazama au kinaruka. Gurudumu la kipenyo cha sm 25, karibu na kisu iwezekanavyo, mbele yake kidogo, lenye skrubu ya kupandisha na kushusha. Kisha mpini wa mikono ya trekta uuachie kabisa kifaa kikae kwa uzito wake.

Kina sm 3 hadi 5, usizidishe. Ukizama unakata mizizi ya juu ya mzabibu, na mvuto unaongezeka. Angalia pia udongo unaorushwa: ukipita mara kadhaa upande mmoja tu, tuta linapanda na kufunika kiungo cha pandikizi, na sehemu ya juu inaanza kutoa mizizi yake. Mstari upalilie pande zote mbili kwa zamu.

Magugu yapite kwa kisu yakiwa na urefu wa sm 5 hadi 10. Nyasi za kutambaa zilizokomaa zitajisokota kwenye mguu hata pembe iwe sahihi namna gani. Udongo chukua konzi ufinyange: ukisokoteka kama uzi, subiri. Chagua siku yenye jua la kufuatia, magugu yaliyokatwa yasipate kushika tena.

Mashina chini ya mm 25 hayabonyezi kipapasio kwa uhakika, yanapinda nacho. Miche ya kujazia mapengo ichomekee nondo ya mm 10 upande trekta linakotokea, kipapasio kiguse nondo kwanza.

Na hizo springi kali msizivute kwa mtaimbo. Weka bolti ndefu ya M16 yenye ndoano upande mmoja, uzifunge zikiwa legelege ndipo uzikaze kwa nati. Kifaa kikiwa kimeinuliwa, mtu asiingize mkono kati ya mkono wa kisu na boriti. Hosi ikishukiwa kuvuja, pitisha kipande cha katoni, si kiganja. Mafuta ya baa 100 yanapenya ngozi.

nguzo_na_waya

Nimeelewa, haidroliki. Ila nitaanza na springi nikisubiri vali. Trekta lina matundu mawili ya mafuta nyuma, lita 18 kwa dakika kwenye kitabu chake. Kuna kitu cha kuandaa sasa? Na mafuta hayatachemka yakizunguka siku nzima?

mafuta_moto

Yakizunguka wazi bila kubanwa hayachemki. Yanachemka vali ikikaa kwenye mkazo wa juu, kwa mfano kipapasio kimekwama na tawi. Shika hosi ya kurudi kila baada ya mistari michache. Ikikushinda kushika, simama utafute kilichokwama.

Kingine: kwenye matrekta mengi madogo pampu ni moja. Ukiukaza mpini wa matundu ya nyuma ubaki wazi, na marejeo umeyapeleka moja kwa moja tangini, mikono ya kuinulia haipati mafuta. Unafika mwisho wa mstari, unainua, kimya. Rudisha kwanza mpini katikati, inua, geuka, shusha, ndipo uufungue tena.

bushi_na_pini

Cha kuandaa sasa ni masikio ya silinda, kabla ya rangi. Sikio la kwenye mkono liwe sm 18 kutoka kwenye pini. Kwa mwendo wa mm 150 mkono utazunguka karibu nyuzi 49, na ncha itajivuta kwa ndani kama sm 20. Sikio la kwenye boriti usilichomelee kwa vipimo vya karatasini. Subiri silinda iwe mkononi, ifunge kwanza kwenye mkono, ivute fimbo yote nje kisha irudishe mm 5, sogeza mkono hadi kisu kiwe kimeingia kabisa kwenye mstari, hapo ndipo uligandishe kwa nukta mbili za moto na kuuzungusha mkono mwanzo hadi mwisho. Zile mm 5 ni ili kizuizi cha chuma kwenye boriti kipokee pigo la springi, si kifuniko cha silinda.